Kopo la Maziwa Mlangoni

Hai Mauna,
Juba.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa binamu yangu Prossy,

Pokea salamu kutoka kwenye jua la Juba, ambalo mwezi huu halimhurumii mtu wala kuku. Hujambo? Shemeji Mayen hajambo? Na huyo mgeni wetu aliye tumboni, bado anakupiga mateke ya mbavu kama ulivyonisimulia, au ameshajifunza adabu? Natumaini miguu imepungua kuvimba. Iweke juu ya mto unapokaa na uache ubishi. Nakujua mimi. Mtu akikwambia pumzika ndipo unapotafuta ufagio.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Loro ndugu yangu bado anachomelea mageti, na nywele zake bado zinanuka moto. Baba yako, Mjomba Swaka, yuko Gudele na bamia zake. Goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Mimi ni mzima kiasi cha kuandika barua ndefu, na hiyo si haba.

Najua utashangaa. Mtu ana simu mbili na bado anaandika karatasi kama katekista wa zamani! Lakini nimejaribu kukupigia mara tatu. Mara ya kwanza mtandao ulikatika kabla sijafika popote. Mara ya pili ulianza kunieleza jinsi shemeji alivyopaka rangi kitanda cha mtoto akajipaka na yeye mwenyewe, nikacheka mpaka ujasiri wangu ukaisha. Mara ya tatu uliniuliza, "Dada Helen, unaumwa?" Nikajibu, "Mafua tu." Nilidanganya. Kwa hiyo nimeshika kalamu, kwa Kiswahili hiki tulichookota sote wawili ukimbizini Nakuru, na ninyi watu wa Mwanza mnisamehe makosa yake. Karatasi hainikatizi wala hainichekeshi.

Kaa chini, mwite shemeji akae karibu, ndipo usome. Hakuna aliyekufa.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla mwanao hajanyonya tone la kwanza, nakuomba upimwe damu. Nimekuandikia jina la kipimo kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili. Sababu nitakueleza, na ni ndefu, lakini hata ukichoka ukaishia hapa, lililo kubwa umeshalibeba.

Sasa nianze na ngozi yangu.

Kazi yangu unaijua. Tangu nirudi Juba nawatengeneza maharusi. Nawasugua dilka, lile rojo zito la unga wa mtama na manukato, nawapaka mafuta ya karkar, halafu nawakalisha kwenye dukhan, juu ya kishimo cha kuni za talih zinazotoa moshi, wamefunikwa blanketi mpaka shingoni. Wakitoka hapo wana rangi na harufu ambayo bwana harusi hataisahau hata wakigombana. Na kibao changu cha biashara kilikuwa ni ngozi yangu mwenyewe. Mteja akiniangalia mkono tu, anaketi.

Miaka mitatu iliyopita niliona mabaka mawili kiunoni. Yalikuwa makavu, na magamba membamba, na jioni yanawasha. Nikasema ni choa, nikapaka dawa ya choa. Yakawa matano. Nikasema ni upele, nikapaka dawa ya upele. Jirani mmoja kanisani akasema ni ugonjwa wa yule nzi wa mtoni anayepofusha watu, nikameza vidonge vya nzi wa mtoni. Mabaka yakaendelea na safari yake, yakashuka mapajani.

Hapo nikafanya kosa ambalo ni mwanamke wa kazi yangu tu angelifanya. Nilijifukiza. Moshi wa talih hutia ngozi rangi, na rangi ile ikayafunika mabaka. Baada ya siku nne ngozi ya juu hubambuka, ndiyo kawaida ya dukhan, kwa hiyo kila kilichobambuka nilisema ni dukhan. Nilikaa kwenye moshi mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, na wateja wakanisifu kwamba nang'aa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi yangu sikuyaficha tu, niliyafukiza na kuyapaka manukato.

Mwisho vikaja vinundu. Viwili kwenye paji la uso, kimoja sikioni, na viganja vikawa vigumu, vimepasuka. Mwezi wa nne mwaka jana Mama Ngor alimleta binti yake Akech atengenezwe harusi. Nikachota dilka, nikanyoosha mkono, na Mama Ngor akanishika kifundo cha mkono.

"Malesh, Helen," aliniomba radhi. "Mkono yako iko hivyo, usishike mtoto yangu."

Hakusema kwa ubaya. Hata sauti aliishusha. Zilpah, tunayefanya naye kazi, akaendelea na bibi harusi, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikaosha beseni lililokuwa safi. Niliona haya, Prossy. Sijawahi kuona haya namna ile, hata siku ile ya Nakuru sketi yangu ilipoanguka sokoni mbele yako na wewe ukakimbia kama hunijui.

Loro ndiye aliyenipakia kwenye basi la Kampala. Sikutaka. Alisema kama sipandi kwa miguu yangu atanichomelea kwenye kiti.

Hospitali ya kule walinikata kipande kidogo cha ngozi pajani na kingine sikioni, wakachukua damu chupa nyingi. Nilipimwa UKIMWI, sina. Nikataka kucheza pale pale kwenye korido. Daktari wangu, mwanamke mpole anayeitwa Kisakye, akaniambia nisubiri kwanza. Baada ya wiki mbili akaniita, akaniruhusu nitazame kwenye hadubini. Niliona chembe za damu, na baadhi zilikuwa zimegawanyika katikati, duara ndogo ndogo zimejipanga kuzunguka. Nikamwambia zinafanana na maua. Akasema hata wataalamu huziita hivyo, za maua, na kwamba angefurahi kutoziona ndani yangu.

Ni limfoma, Prossy. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kutulinda, na kwangu imeamua kukaa kwenye ngozi. Kilichoianzisha ni kirusi kinachoitwa HTLV-1. Hicho na kile cha UKIMWI ni ndugu wa mbali, lakini hiki ni kimya zaidi. Huingia mtu akiwa mdogo, kikalala miaka thelathini, arobaini. Wengi wanaokuwa nacho wanazeeka nacho na kuzikwa nacho bila kujua. Katika watu mia, labda watano ndio wanaougua kama mimi. Shikilia hesabu hiyo. Tisini na tano hawaugui hivi.

Hakiambukizi kwa kushikana mikono, wala kula sahani moja, wala kwa dilka. Nilimwuliza Daktari Kisakye mara tatu juu ya maharusi wangu, mpaka mara ya tatu akanishika viganja vyangu vyote viwili, na hakuwa amevaa glavu. Nililia hapo. Kabla ya hapo nilikuwa sijalia.

Dawa napata. Kuna vidonge vya kuzuia virusi, kuna sindano ambayo siku ya kwanza inanitetemesha kama malaria, na kuna mafuta ya kupaka. Kila wiki sita narudi Kampala. Vinundu vya usoni vimenywea. Mabaka ya mapajani bado yapo, lakini siyafukizi tena. Daktari anasema aina yangu inatambaa, haikimbii, ila inaweza kubadilika siku yoyote. Sijui nimebakiwa na miaka mingapi. Naogopa. Basi, nimelisema, na sasa na wewe unalijua.

Nakuja kwako sasa. Kirusi hiki kina njia kadhaa, lakini ile kubwa ya kumfikia mtoto ni maziwa ya mama, hasa akinyonya muda mrefu. Daktari anadhani ndivyo kilivyonifikia mimi. Mama yangu, marehemu shangazi yako, hatuwezi kumpima tena. Hakuumwa ngozi, hakuumwa damu; malaria ndiyo iliyomchukua, kama unavyokumbuka. Huenda alikuwa nacho na hakujua. Kwa hiyo daktari aliniuliza, mama yenu alinyonyesha watoto wangapi walio hai? Nikamjibu, wawili, mimi na Loro. Akaandika wawili. Loro akapimwa, hana. Mimi mwenyewe, unajua, sikujaliwa mtoto, na kwa miaka mingi nilimlalamikia Mungu kwa hilo. Siku ile nilinyamaza kidogo.

Faili likafungwa. Wawili.

Halafu mwezi uliopita Falhado akaja kuniona. Huyo ni jirani yangu, Msomali wa Garissa, ana duka la vitambaa pale kwenye kona, na tangu nianze kuumwa ananiletea chai ya maziwa kwenye chupa na kukaa hapa mpaka niimalize, maana anajua nikiachwa peke yangu naimwaga. Alikuwa amekasirika. Mpwa wake Ruun alikuwa aolewe na kijana wanayependana, mahari imezungumzwa, ukumbi umetafutwa, ndipo bibi mmoja akakumbuka kwamba kijana yule, alipokuwa mchanga na mama yake mgonjwa, alinyonyeshwa na mama yake Ruun. Ndoa ikafa siku hiyo hiyo.

Nikamwambia Falhado hayo ni maonevu, maziwa ya wiki chache tu!

"Wiki chache nini, Helen?" akasema. "Kwetu mtu akinyonya kwa mama yako, huyo ni ndugu yako. Kabisa. Hata kama amezaliwa nyumba ingine, hata kama hajui. Ziwa moja si mchezo."

Niliweka kikombe chini. Falhado akadhani chai imezidi tangawizi.

Prossy, mama yangu aliniapisha nisiseme. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nimelinyamazia jambo hili miaka thelathini. Nalivunja leo, na naamini huko aliko ananielewa.

Unajua kwamba mama yako alifariki siku uliyozaliwa, kule kambini Adjumani, Uganda, na unajua kwamba Mjomba alikulea kwa maziwa ya kopo. Ndivyo ulivyoambiwa, ndivyo kila mtu alivyoambiwa. Nakuru watoto wa ploti tuliyopanga walikuita Mtoto wa Kopo, na wewe ukawajibu kwamba ndiyo, ndiyo maana ukinigonga unaumia mkono. Nilikuwa nasikia kutoka jikoni, na nilikuwa nauma ulimi.

Kopo lilikuwapo, hilo ni kweli. Lilikuwa la bluu, walitoa watu wa msaada, na Mjomba aliliweka mlangoni mwa kibanda chake ambapo kila mtu aliliona. Lakini unga wake haukufika mbali, na kopo la pili halikuja. Ukawa unalia mpaka sauti inakauka. Wakati huo mama yangu alikuwa ananyonyesha Loro. Baba yangu alikuwa amezika watoto wawili njiani kutoka nyumbani, na mwoga wa mara mbili ni mkali. Alimwambia Mama kwamba yale maziwa ni ya Loro, na kwamba akimnyonyesha mtoto wa nyumba nyingine watakufa wote wawili. Usimchukie. Alikuwa anahesabu waliobaki.

Kesho yake Baba alipokwenda shambani, Mama aliniambia nikakuchukue kwa Mjomba, niseme nakwenda kukubembeleza. Nikakubeba mgongoni mpaka nyuma ya ghala la mtama, Mama akaketi pale, akakuweka kwenye ziwa. Nilisimama njiani kuangalia kama Baba anarudi. Nilikusikia unavyomeza, Prossy. Ulimeza kwa kelele, bila haya kabisa, na hapo ndipo nilipojua kwamba utakuwa mtu wa kelele. Mama akacheka kimya kimya, mabega tu yanatikisika, huku machozi yanashuka. Titi la mama li tamu hata likiwa la mbwa, na wewe lako lilikuwa la shangazi na ulilipenda hivyo hivyo.

Tulifanya hivyo kila siku, asubuhi na mchana, mpaka ulipoanza kula uji, na baada ya uji pia, mpaka ulipoweza kutembea. Ulikuwa unakwenda nyuma ya ghala mwenyewe, unatambaa, na tulikuwa tunakurudisha kabla watu hawajaona. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kwanza, kabla ya hofu. Wewe si mtoto wa kopo. Ulinyonya mwaka na zaidi, na aliyekunyonyesha alikuwa anakulilia ukichelewa.

Na hilo hilo ndilo linaloniogopesha. Kama Mama alikuwa nacho, maziwa yale yamepita kwako pia.

Huenda hayakukufanya lolote. Loro alinyonya ziwa lile lile, miezi ile ile, upande wa pili, na hana. Unaweza kuwa kama Loro. Unaweza kuwa kama mimi kabla ya mabaka, mzima, una kirusi kimelala na hakitaamka kamwe. Sijui, na daktari hajui, ila damu yako inajua. Kwa hiyo kabla mwezi wa nne, mwezi wako wa kujifungua, haujafika, nenda hospitali kubwa ya rufaa pale Mwanza na karatasi ile. Wakikwambia hawakijui kipimo, usirudi nyumbani na aibu. Waambie wampigie Daktari Kisakye, namba nimeiandika humo humo, amekubali. Sampuli inaweza kutumwa.

Wakikuta huna, basi mnyonyeshe mtoto mpaka akudai kwa maneno, kama ulivyoniapia. Wakikuta unacho, kaa na madaktari mpange namna ya kumlisha, na wengi watakwambia usimnyonyeshe. Kisitokee kitu cha kuamua peke yako kwa woga, wala cha kuahirisha kwa woga. Mimi niliahirisha mwaka mzima ndani ya blanketi la moshi.

Najua ninachokuomba. Mimba mbili umezipoteza, na mara zote mbili uliniambia kwamba kilichokuuma zaidi ni maziwa kuja na mtoto hayupo. Nimeikumbuka sentensi hiyo kila siku tangu Falhado aje. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana mara tatu kwa sababu yake. Mpenzi wangu, laiti ningeweza kupimwa kwa niaba yako. Ningewapa mkono wowote wanaoutaka, si wamezoea kuutoboa.

Sikutaka kulituma neno hili bila baba yako kujua. Jana asubuhi nikaenda Gudele. Nilimkuta anamwagilia bamia kwa kikombe, shina moja moja, anavyofanya siku zote kama anabatiza. Nikakaa kwenye ndoo, nikamwambia kila kitu, nyuma ya ghala na yote. Nilidhani atakasirika kwamba dada yake alimdanganya, na kwamba mimi nilimbeba mtoto wake kwa uongo mwaka mzima.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akajibu kwa kile Kiswahili chake cha Uganda, maana mambo mazito hataki majirani wayasikie.

"Mimi ilijua, Helen."

Nikamwuliza alijua nini.

"Kopo iliisha siku ya sita. Mtoto inatoka hapa inalia, inarudi kwa mgongo yako imelala, mdomo inanuka maziwa. Mimi si mjinga. Lakini baba yako alikuwa anapita pale kila siku. Sasa mimi iliacha kopo mlangoni. Asubuhi mimi inaweka maji, inapiga kijiko ndani, ting, ting, ting, baba yako asikie. Kama kopo iko, hakuna mtu atauliza."

Kijiko kile mimi nilikisikia, Prossy! Nikakisikia mwaka mzima nikadhani mjomba wangu amechanganyikiwa kwa msiba, anakoroga maji matupu. Mama alikufa akiamini kwamba amemficha kaka yake. Na kumbe kaka yake ndiye aliyekuwa anamfichia yeye, kila asubuhi, kwa kijiko.

Nilimwambia kwamba huenda ugonjwa ulikuja na maziwa yale. Kikombe kikainama mkononi mwake, maji yakamwagikia viatu. Kisha akasema, "Bila ile maziwa, mimi ilikuwa nazika watu wawili." Na baadaye kidogo, "Mwambie. Mwambie yeye hakuwa mtoto ya kopo. Mimi ilichoka na hii kopo."

Akanipa bamia nyingi kuliko ninavyoweza kula. Nimegawa nusu kwa Falhado.

Basi ndiyo hayo. Alhamisi hii napanda basi kwenda Kampala kwa sindano yangu, na barua hii nitaikabidhi kwa watu wa basi la Mwanza mwenyewe, mkono kwa mkono. Nitakupigia Jumapili inayofuata. Kama umesoma, usiniulize kuhusu mafua. Kama unataka kulia kwenye simu, lia, mtandao ukikatika nitapiga tena. Na kama umenikasirikia kwa kukunyamazia miaka yote hii, nikasirikie, una haki, ila nenda upimwe kwanza ndipo unikasirikie vizuri.

Mpe shemeji Mayen salamu zangu, mwambie rangi ikikauka kitandani aifute na masikioni. Loro anakusalimu, anasema yeye na wewe mlianza kugombania sahani mapema kuliko alivyojua. Zilpah anakusalimu na amekuwekea kichupa cha karkar cha kupaka tumbo, kiko kwenye kifurushi. Falhado hakujui lakini anakuombea kwa jina, na kila akija ananiuliza, "Ndugu yako amejibu?" Mjomba hakusema salamu yoyote, ila alinisindikiza mpaka barabarani na goti lile, na unajua maana yake.

Mungu aliyekulinda nyuma ya ghala akulinde na huko ziwani, wewe na huyo anayepiga mateke. Akupe uchungu mfupi na mtoto mwenye kelele kama zako.

Na nikifika kwa Daktari Kisakye, kabla ya sindano, nitamwomba afungue tena lile faili langu, pale alipouliza mama yetu alinyonyesha wangapi walio hai. Nitamwambia nilikosea. Nitamwambia afute wawili, aandike watatu.

Wako akupendaye tangu ulipokuwa mgongoni mwangu,

dada yako,
Helen.